Nimetumia /usr/bin/env kwenye skripti zangu miaka minne, maoni yangu haya hapa

Nyota nne kati ya tano kwa env, kiprogramu kinachotajwa kwenye mstari wa kwanza wa skripti ili kitafute programu ya kuisoma. Nimeanza na nyota kabisa ili asiye na muda aondoke nazo, ila kama una skripti inayojiendesha yenyewe usiku na we umelala, usiondoke kwanza, shuka mpaka kwenye stori ya bekapu maana pale ndo nyota ya tano ilipokatika.

Kwa ambao hawajawahi kulifikiria hili, skripti ni faili la maandishi tu, prosesa haiwezi kulisoma moja kwa moja, lazima kuwe na programu nyingine ya kulisoma na kulitekeleza, iwe bash au Python au Perl au Node, hiyo ndo intapreta. Sasa ukiandika `./bekapu` ukapiga enta, mashine inajuaje imwite nani? Kwenye Linux na Mac na ndugu zao jibu liko kwenye herufi mbili za kwanza kabisa za faili, alama ya reli na alama ya mshangao, `#!`, wengi tunaiita shebangi. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ikifungua faili inaangalia zile baiti mbili, ikizikuta inasoma mstari mpaka mwisho, inachukua njia iliyoandikwa pale, inaiwasha hiyo programu na kuikabidhi jina la faili lako. Kumalizia jina la faili na .py au .sh haiisaidii keneli kitu, hata haiangalii, hiyo ni desturi ya Windows. Na ujanja wa zile alama mbili ni kwamba kwenye lugha nyingi za skripti alama ya reli inaanzisha maelezo ya pembeni, kwa hiyo intapreta yenyewe ikifika kwenye ule mstari inaupita kama haijauona.

Mi nilianza kama wengi, nakopi `#!/bin/bash` kutoka skripti ya zamani napesti kwenye mpya, na kwa muda mrefu haikunisumbua kwa sababu nilikuwa na mashine moja tu. Shida zikaanza nilipoanza kupeleka skripti kwenye mashine za watu wengine. FreeBSD, mfumo ndugu wa Linux, hamna /bin/bash, ukiiweka bash kule inakaa /usr/local/bin/bash. NixOS, aina nyingine ya Linux, ukifungua /bin unakuta sh peke yake. Mac inayo /bin/bash kweli lakini ni toleo la 3.2 la mwaka 2006, kwa sababu bash za baada ya hapo zinatoka kwa leseni ya GPL toleo la 3 na Apple hawajaitaka hiyo leseni, kwa hiyo skripti yangu iliyokuwa na `declare -A` ikagoma kule ikaandika `declare: -A: invalid option`, maana arei za kutumia majina badala ya namba zilikuja na bash 4 mwaka 2009. Sawa, nikaweka bash mpya kwa Homebrew, chombo cha kuweka programu kwenye Mac, nikaendesha skripti, kosa lile lile. Nikaandika `bash --version` inaniambia toleo jipya, narudi kwenye skripti, kosa lile lile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mstari wa kwanza wa faili ulikuwa bado unaelekeza /bin/bash, ya zamani, na ile mpya iko folda nyingine kabisa haiguswi na mtu.

Hapo ndo nikahamia `#!/usr/bin/env bash`, na kwa skripti za mkononi sijarudi nyuma mpaka leo.

Inavofanya kazi ni hivi. env ni kiprogramu kidogo cha zamani, kazi yake rasmi ni kuendesha kamandi ndani ya mazingira uliyoyabadilisha, mfano unataka programu ione kigezo fulani kwa mara hii moja tu. Lakini ukiipa jina la kamandi bila njia yake, inakutafutia kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambazo programu zinatafutwa humo, na keneli hilo haifanyi kabisa. Keneli inataka njia kamili, ukiandika `#!python3` itatafuta faili linaloitwa python3 kwenye folda uliyosimama muda huo na ikilikosa imeishia hapo. Kwa hiyo unaipa keneli njia kamili ya env, na env inapita folda za PATH moja moja kwa mpangilio wake, python3 ya kwanza kukutana nayo ndo hiyo hiyo. Ni kama dalali wa nyumba, na cha kupendeza dalali huyu akishakufikisha mlangoni anaondoka, hakai sebuleni. env inajigeuza yenyewe kuwa python3, hazibaki prosesi mbili, memori haili, na kwa upande wa kasi mi sijawahi kuona tofauti ya kuizungumzia.

Kitu chenyewe kina umri kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Dennis Ritchie wa Bell Labs ndo aliyeieleza shebangi Januari 1980, kabla ya hapo kazi ya kutambua skripti alikuwa anajibebea sheli mwenyewe, yaani ile programu inayopokea kamandi unazoandika, kama bash, keneli haijui kitu. Na maelezo yake ya mwanzo yalisema mstari wote usizidi herufi 16, na kwamba kiwango kitapandishwa baadae. Hebu hesabu `#!/usr/bin/env` peke yake: 14. Weka nafasi, 15. Inabaki herufi moja tu ya jina la intapreta, hata `sh` haitoshi! Saivi kwenye Linux keneli inasoma baiti 256 za mwanzo wa faili, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, kabla ya hapo zilikuwa 128, na amini usiamini kuna watu hiyo 128 iliwabana, hasa wenye mifumo inayojenga programu kwenye folda ndani ya folda ndani ya folda mpaka njia inakuwa ndefu kama treni. Halafu jambo ambalo lilinishangaza, kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, hakijaifafanua shebangi, kinasema tu faili likianza na `#!` kitakachotokea hakijabainishwa. Kitu tunachokitumia kila siku ya Mungu, na kila mfumo umekijenga kivyake. Hiyo kumbukeni maana inarudi chini kwenye agumenti, yaani maneno ya ziada unayoipa programu.

Na usipoweka mstari huo kabisa je? Watu wengi wanadhani haitaendeka. Inaendeka, na hapo ndo pabaya. Keneli inalikataa faili, inarudisha jibu la kwamba haitambui aina yake, lakini sheli uliyomo ikipata hilo jibu inasema basi ngoja nijaribu mwenyewe, inalisoma kama skripti ya sheli. Sasa chukua skripti ya Python isiyo na shebangi, mstari wa kwanza `import os`. Kama mashine ina ImageMagick, `import` ni kamandi halali kule, ni ya kupiga picha ya skrini! Unaona mshale wa mausi umegeuka msalaba, kila kitu kimesimama kinasubiri, ukibonyeza popote unakuta kwenye folda kuna faili jipya linaitwa `os` ambalo ni picha ya skrini yako. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye kompyuta ya mwenzangu, alikuwa anadhani amepata virusi, na nilimuelewa kabisa. Tuliongeza mstari mmoja juu ikaisha.

Turudi kwa env. Mahali inaponifurahisha kuliko pote ni kwenye Python na venv, yaani folda ya mradi mmoja yenye python yake na maktaba zake. Ukiiwasha venv, inachofanya kikubwa ni kuweka folda yake ya bin mwanzoni mwa PATH, kwa hiyo skripti yenye `#!/usr/bin/env python3` inaikuta python ya ile venv bila we kubadilisha herufi hata moja, ukihamia mradi mwingine inahamia na wewe. Skripti moja, miradi mitano, kila mmoja na maktaba zake. Linganisha na `pip` yenyewe, chombo cha kuweka maktaba za Python, programu ambazo pip inaziweka ndani ya venv zinaandikiwa njia kamili ya python ya pale pale kwenye mstari wa kwanza, ndo maana ukibadilisha jina la folda ya mradi ghafla `pip` na `pytest` zinaanza kukwambia `bad interpreter: No such file or directory`. Hazijaharibika, zinaita python kwenye anwani ya zamani. Futa venv jenga upya, ni dakika chache, usihangaike kuzirekebisha moja moja.

Ila andika `python3` jamani, sio `python`. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, Ubuntu 20.04 ukiiweka upya hamna kamandi inayoitwa `python` mpaka uiombe, na Mac wakaiondoa Python 2 kwenye macOS 12.3 mwaka 2022. Bado kila siku nakutana na skripti za `#!/usr/bin/env python` na mtu analalamika haiendi.

Sasa mapungufu, na la kwanza ni agumenti. Nilitaka Python isishikilie maandishi kabla ya kuyatoa, opsheni yake ni `-u`, nikaandika `#!/usr/bin/env python3 -u`. Kwenye Mac safi kabisa. Nikaipeleka kwenye seva ya Linux ikaniambia `/usr/bin/env: 'python3 -u': No such file or directory`. Angalia vizuri hizo alama za kufungia, zimefungia maneno yote mawili pamoja. Keneli ya Linux ikishaisoma intapreta, kila kinachobaki kwenye mstari inakichukua kama agumenti moja tu, nafasi katikati haizijali, kwa hiyo env ilikuwa inatafuta kwenye PATH programu ambayo jina lake ni "python3 nafasi -u", na hiyo haipo duniani. Keneli ya Mac yenyewe inayakata maneno. Ndo maana nikasema kila mfumo umejenga kivyake. Dawa ipo, ni `-S`, unaandika `#!/usr/bin/env -S python3 -u` na env yenyewe inafanya kazi ya kukata. GNU, wenye env ya Linux nyingi, walikuja kuiweka mwaka 2018 kwenye pakiti yao ya coreutils 8.30, FreeBSD walikuwa nayo siku nyingi, na Mac inayo. Kwa seva za zamani sana usiitegemee.

Na hata bila env, usiweke opsheni za maana kwenye shebangi. Watu wanaandika `#!/bin/bash -e` ili skripti isimame ikikutana na kosa, vizuri, halafu mwenzako anaiendesha kwa `bash skripti.sh`, na ukifanya hivo shebangi haisomwi na mtu, umeshamtaja intapreta mwenyewe, ile `-e` imeyeyuka na skripti inaendelea kufuta mafaili hata kama `cd` ya juu imefeli. Andika `set -e` ndani, mstari wa pili, pale itakuwepo hata aiite vipi.

La pili sio kosa la env ila acha niliseme kwa sababu env inalisaidia na kulichanganya kwa wakati mmoja. Faili likiandikwa Windows, mwisho wa kila mstari una herufi mbili badala ya moja, kuna ile ya kurudisha kichwa mwanzo ambayo haionekani. Ukilipeleka Linux, keneli inasoma `/bin/bash` ikiwa na hiyo herufi mgongoni, inatafuta programu yenye jina hilo, haipo. Unaambiwa `No such file or directory`. Unaangalia faili, lipo. Unaangalia /bin/bash, ipo. Unafungua skripti kwenye edita, mstari uko sawa kabisa. Nimemuona mtu mzima mwenye uzoefu amekaa saa nzima hapo, anafuta anaandika upya, anafuta anaandika upya, edita yake inaendelea kusevu kwa mtindo ule ule. Kwa env walau ujumbe unasema `'bash\r'` na ukiiona ile `\r` umeshapona. Tatizo env mpya zinaongeza na mstari wa pili, `use -[v]S to pass options in shebang lines`, kwa sababu kwake ile herufi inahesabika kama nafasi, basi inadhani ulitaka kupitisha opsheni, na mtu anaifuata hiyo anapotea. Ukitaka kuhakikisha andika `head -1 skripti.sh | od -c`, itakuonyesha kila herufi na zilizojificha, mwisho ukikuta `\r \n` umempata mchawi. `sed -i 's/\r$//' skripti.sh` inazifagia zote, na kwenye git weka faili la `.gitattributes` lenye `*.sh text eol=lf` ili zisirudi. Kuna na ndugu yake, edita zinazoweka alama ya BOM mwanzoni mwa faili, baiti tatu kabla ya ile reli, na keneli ikikuta baiti ya kwanza sio reli basi kwake hiyo sio shebangi.

Haya, bekapu.

Nilikuwa na skripti ya Python inayokusanya folda za kazi, inazifunga kwenye faili moja na kulituma kwenye seva nyingine kwa maktaba ya paramiko. Juu ina `#!/usr/bin/env python3`. Seva hiyo ina python mbili, ya mfumo iko /usr/bin, na mpya zaidi niliyoijenga mwenyewe iko /usr/local/bin, na paramiko niliiweka kwenye hiyo mpya. Nikaijaribu kwa mkono mara tatu, faili likafika upande wa pili, nikalifungua, kila kitu kimo. Nikaiweka kwenye cron, kiprogramu cha kuwasha kazi kwa ratiba, iende saa nane usiku kila siku nikaendelea na maisha. Siku ya 12 mwenzangu mmoja akaniandikia, kaka samahani, faili la mahesabu nimelifuta kwa bahati mbaya, nirudishie hata la juzi. Nikamjibu usijali dada yangu dakika moja tu. Naingia kwenye seva ya bekapu nakuta mafaili matatu, yote ya siku ile niliyojaribu kwa mkono. Baada ya hapo hamna kitu. Siku 11, hamna hata faili moja. Nilikaa kimya mbele ya ile skrini nikasikia mikono imepoa, maana nilikuwa namuahidi mtu kitu ambacho sina, na alikuwa ameniamini na ndo maana hakutunza nakala yake.

Nikaiendesha kwa mkono tena. Ikafanya kazi! Na hapo ndo kwenye ubaya wake, kila ukiigusa mwenyewe inakwenda. Kwenye logi ya mfumo nikakuta cron inaiwasha kila usiku bila kukosa, na chini yake mstari unasema `No MTA installed, discarding output`, yaani cron ilikuwa na ujumbe wa kosa mkononi, kazi yake ni kuutuma kwa barua pepe ya ndani, seva haina programu ya barua, ikautupa. Usiku 11 inautupa. Nikaendesha hivi:

`env -i PATH=/usr/bin:/bin ./bekapu`

Hii inafuta mazingira yote na kuacha PATH kama ile ambayo cron huwa nayo, na papo hapo nikapata `ModuleNotFoundError: No module named 'paramiko'`. Mi nikiwa kwenye terminali PATH yangu inaanza na /usr/local/bin, env inaikuta python yangu. cron PATH yake ni /usr/bin na /bin basi, env inaikuta python ya mfumo, na hiyo haina paramiko. Skripti ile ile, faili lile lile, python tofauti, kutegemea nani kaiita.

Na sio cron tu. `sudo`, ile kamandi ya kuendesha kitu kama msimamizi, kwenye mifumo mingi inabadilisha PATH kwa usalama, kwa hiyo ukiwa ndani ya venv ukaandika `sudo ./skripti` umeshatoka kwenye venv bila kujua. systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, nayo ina PATH yake, na hiyo kwa kawaida ina /usr/local/bin ndani, maana yake bekapu yangu ingeitwa na taima ya systemd ingefanya kazi, na kwa cron haifanyi. Unaweza kuipima mahali pawili ikapita na pa tatu ikafa.

Faili la mahesabu tulilipata nusu kwenye viambatanisho vya barua pepe za zamani, nusu nyingine dada akaiandika upya kwa siku mbili. Hakuniambia neno baya hata moja na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo nyota moja nimeikata hapo, na sisemi env ni mbovu, inafanya kile kile inachosema inafanya. Swali linalojibiwa na env ni "aliyeniita anatumia python ipi?" Kwa skripti ninayoiita mwenyewe, au ninayompa mtu aiendeshe kwenye mashine yake, hilo ndo swali sahihi kabisa, nataka itumie python yake, bash yake, alizozichagua yeye. Lakini skripti ya usiku haina mtu aliyeiita. Pale dalali anamuuliza mteja ambaye hayupo.

Wanaotengeneza pakiti za mifumo wameliona hili siku nyingi, Fedora kwenye masharti yao wamekataza env kwenye shebangi za programu wanazozisambaza, zinatakiwa ziite intapreta ya mfumo kwa njia kamili, na ina mantiki, hutaki programu ya mfumo ibadilike tabia kwa sababu mtumiaji kaweka python ya majaribio kwenye folda yake ya nyumbani. Na upande wa usalama ni hivo hivo, anayeweza kugusa PATH yako anaweza kukuwekea `python3` ya kwake mbele.

Kuna kadosari kengine kadogo ambako sijaona watu wakikaongelea. Skripti yenye njia kamili ukiiangalia kwenye `top`, ile orodha ya programu zinazokimbia, inajitokeza kwa jina lake, `bekapu`. Ikiwa na env inajitokeza kama `python3`, kwa sababu env iliiwasha python3 kama programu ya kawaida na jina la skripti likafunikwa. Ukiwa na skripti sita zinakimbia unaona python3 sita, na `killall bekapu` inakwambia hamna kitu kama hicho. `pgrep -f bekapu` inaipata, inasoma mstari mzima wa kamandi.

`#!/bin/sh` nayo niiseme kidogo, kwa sababu wapo watakaosema achana na haya yote tumia sh ipo kila mahali. Ni kweli ipo, na kwa skripti fupi za mistari kumi ndo naitumia mpaka leo, env haihitajiki hata kidogo. Lakini sh sio bash. Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 sh yao ni dash, nyepesi na ya haraka, na haijui `[[` wala arei za bash, itakwambia `[[: not found`. Alpine, Linux nyingine ndogo, sh yao ni ash ya BusyBox. Kwa hiyo ukiandika sh juu, andika sh na ndani pia, ukitaka vitu vya bash omba bash.

Windows sikutegemea kitu ila nilishangaa, ile kamandi ya `py` inayokuja na Python tangu 3.3 inaisoma shebangi na inaielewa hata `/usr/bin/env python3`, japo kule hamna folda ya /usr wala nini. Kwa hiyo mstari ule ule unabebeka mpaka huko kama unaendesha kwa `py`.

Saivi nimezigawa skripti zangu mafungu mawili. Za mkononi na za kugawa zote zina env, sijabadilisha hata moja na sina mpango huo. Za usiku nimezipitia zote kwa `grep -rl 'bin/env' /srv/kazi`, zilikuwa tisa, kila moja nikaipa venv yake, nikaiandikia njia kamili, na kabla haijaingia kwenye cron lazima ipite ile `env -i` hapo juu. Ya bekapu leo inaanza hivi:

`#!/srv/kazi/bekapu/venv/bin/python3`

Na asubuhi nikiamka, kabla sijafungua kitu kingine, naingia kwenye seva ya pili naangalia faili la saa nane kama lipo na lina ukubwa gani.